Safari Fupi ya Mara ya Kwanza Kilosa na Mikumi

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wanaokusudia kuzuru Mkoa wa Morogoro



Wapo watu wengi Unguja na Pemba ambao wameshafika Dar es Salaam mara zisizo na hesabu, lakini hawajapata kuvuka Kibaha. Kwao Bara ni Kariakoo, hospitali ya rufaa, na ofisi za Wizara za Muungano. Inapotokea mtumishi amepata likizo ya siku chache, na familia ikataka kuona nchi, jina la kwanza kutajwa ni Mikumi, kwa sababu ya wanyama. Kilosa haitajwi. Na hapo ndipo matayarisho ya safari yanapoanza kwenda kombo, kwani mji wa Mikumi wenyewe umo ndani ya Wilaya ya Kilosa, na mtu anayeuona mmoja bila ya mwengine hurudi na picha za pundamilia na asijue amefika wapi.

Mazungumzo haya yanahusu safari ya siku nne, kwa msafiri ambaye hajawahi kufika huko, mwenye fedha za kiasi na asiye na gari. Siku nne ni chache. Ukitoa muda wa boti kwenda na kurudi, na muda wa kukaa stesheni, zinabaki siku mbili na nusu za kutembea. Kwa hivyo jambo la mwanzo ni kukubali kwamba baadhi ya mambo hayatoonekana. Milima ya Udzungwa, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, iko njia ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara na inavutia sana, lakini anayeitia katika siku nne hizi ataiona kwa dirisha la gari tu. Iachwe kwa safari nyengine.

La pili ni mpangilio. Watu wengi huanza Mikumi, kisha wakipata nafasi hupitia Kilosa. Yafaa iwe kinyume: msafiri aende Kilosa kwanza, kwa treni, kutoka hapo ashuke Mikumi kwa barabara, kisha arudi kwa barabara kuu hadi mji wa Morogoro na kupanda treni ya Dar es Salaam. Huo ni mzunguko mmoja usiorudi nyuma, na unampa msafiri jambo ambalo safari ya kwenda moja kwa moja hifadhini haimpi, yaani kuliona bonde la Mkata kwanza upande wa watu na baadaye upande wa wanyama.

Treni ya reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Wakati inaanza, nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilipangwa kuwa shilingi 13,000. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo kwa basi huweza kumaliza nusu ya siku kwa sababu ya msongamano wa magari, kwa treni ni kama saa mbili. Kilosa ni mbele ya Morogoro kwa upande wa Dodoma. Izingatiwe kwamba si kila treni husimama Kilosa. Zile za haraka hupita. Tiketi ikatwe mapema, na anayekata aulize waziwazi kama treni hiyo inashusha abiria Kilosa. Kila msafiri awe na kitambulisho chake, kwani kitatakiwa stesheni, na kitatakiwa tena hifadhini.

Stesheni ya Dar es Salaam haiko mbali na gati ya boti za Zanzibar. Jambo hilo huwadanganya wasafiri. Hukata tiketi ya treni inayoondoka saa moja tu baada ya boti kufika, wakasahau kwamba katika msimu wa kusi bahari huchafuka na boti huchelewa, na kwamba treni haingoji. Ni bora kuacha nafasi ya saa tatu au zaidi, na muda huo ukatumika kwa chakula na sala. Wanaotoka Pemba wafikirie kulala usiku mmoja Unguja au Dar es Salaam. Siku hiyo isihesabiwe katika zile nne.

Wazee watakumbuka kusikia habari za reli ya Bububu, iliyojengwa Unguja mwaka 1905 na kuacha kuchukua abiria mwaka 1922. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ni mji uliokuzwa na reli hiyo. Kabla ya reli, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Wasagara, na waliokuwa wakienda na kurudi wengi wao walikuwa watu wa pwani na wa visiwani. Msafiri wa Zanzibar anayefika Kilosa, kwa hivyo, anafuata nyayo kongwe.

Ipo na sababu nyengine ya mtu wa Visiwani kulijua jina la Usagara. Mwezi Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walishuka Unguja, wakavuka kwenda Bara kimyakimya, na ndani ya wiki chache wakarudi na karatasi walizodai kuwa ni mikataba ya machifu wa Usagara na nchi za jirani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Sayyid Barghash alipinga, na mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikasimama mbele ya mji wa Zanzibar mpaka akanyamaza. Mamlaka ya Zanzibar juu ya Bara yalianza kukatika hapo, kwa sababu ya vijiji ambavyo msafiri wa leo anavipita kwa dakika chache akiwa kwenye kiti cha treni.

Siku ya pili, basi, ni ya Kilosa. Mji ni mdogo na unatembeleka kwa miguu. Unakaa chini ya milima, kando ya mto Mkondoa, na ili kuuelewa yafaa kuanzia kwenye mto. Mwishoni mwa Disemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa ziliujaza Mkondoa, tuta la zamani lililokuwa likiukinga mji likabomoka, na maelfu ya watu wakapoteza makaazi. Reli baina ya Kilosa na Gulwe ilisombwa, na kwa miezi kadhaa treni za abiria hazikuweza kupita kutoka Dar es Salaam. Hiyo haikuwa mara ya mwanzo wala ya mwisho. Mwezi Januari 2014 maji yalilikata daraja la Magole, ndani ya wilaya hiyo hiyo, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikafungika. Reli mpya, inapoelekea Dodoma baada ya kuiacha Kilosa, imepitishwa katika mahandaki yaliyotobolewa milimani. Msafiri anayeshuka Kilosa hatoyaona, lakini akisimama kwenye ukingo wa mto na kuitazama milima iliyobana bonde, sababu yake ataifahamu bila ya kuelezwa.

Mtumishi wa idara ya ujenzi, ya maji au ya mipango miji angefanya vyema kukaa hapo kwa muda. Mji wa Unguja nao unayajua maji yanayosimama majumbani wakati wa masika, isipokuwa ya Unguja huanguka kutoka juu, na ya Kilosa huja kutoka mlimani yakiwa na magogo na mchanga. Maji hayo hayaishii Kilosa. Mkondoa huteremka hadi bonde la Mkata, huingia katika mto Wami, na Wami humwagika baharini karibu na Saadani, mkabala na kisiwa cha Unguja.

Watumishi wa kilimo wana la ziada. Kiasi cha mwendo mfupi kutoka mjini kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kilianza kwa pamba katika miaka ya 1940 na kwa muda mrefu kimeshughulikia mbegu za mahindi, mtama na mikunde. Kituo hicho ni ofisi ya Serikali, si bustani ya kutembelea. Anayetaka kukiona aandike barua kupitia kwa Katibu Mkuu wa Wizara yake wiki kadhaa kabla, na asifike mlangoni akitegemea ukarimu. Njia ya Kimamba, kwa upande mwengine, haihitaji barua ya mtu. Huko msafiri ataona mashamba ya mkonge, zao lililotawala maisha ya wilaya hii kwa muda mrefu wa karne ya 20, na ataelewa kwa nini Kilosa ina watu wa makabila ya mbali sana: walikuja kukata mkonge na wengi hawakurudi kwao.

Kuhusu ardhi, msafiri atahadhari na ulimi wake. Mtu wa Visiwani amezoea kuhesabu ardhi kwa eka tatu. Wilayani Kilosa atakutana na mabonde mapana, mifugo mingi na wakulima wengi, na anaweza kufikiri kwamba nafasi ipo kwa wote. Mwezi Disemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Zipo familia zinazoishi na msiba huo hadi leo, kwa pande zote mbili. Mgeni wa siku moja hana haja ya kuuliza nani alikuwa na haki, wala kupiga picha ng'ombe wa watu au boma la mtu bila ya ruhusa. Akisalimia na kusikiliza, ataambiwa mengi kuliko anayeuliza.

Siku ya tatu ni ya barabara ya Kilosa hadi Mikumi, kilomita zipatazo 75. Njiani ipo sehemu iitwayo Ulaya, na watoto wakiwamo safarini haifai kuwanyima furaha ya kusema wamefika Ulaya bila ya pasipoti. Barabara hii si ya kuichezea wakati wa mvua. Kabla ya kuondoka, msafiri awaulize madereva wa Kilosa wenyewe hali ya njia siku hiyo, wala asitegemee habari alizopewa Dar es Salaam. Ikiwa njia haipitiki, arudi Morogoro na aingie Mikumi kwa barabara kuu. Atapoteza nusu ya siku, na nusu ya siku ni rahisi kuliko kulala mtoni. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa zaidi kwa safari hii, kwani njia huwa kavu na wanyama hukusanyika penye maji.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, yaani Unguja takriban mara mbili. Bonde lake la Mkata ndilo lililomtaabisha Stanley mwaka 1871, alipolivuka wakati wa masika akienda kumtafuta Livingstone. Msafara wake uliteseka kwa maji na tope siku nyingi. Maji hayo hayo yakikauka huacha majani, na majani huwaleta pundamilia, nyumbu, nyati, twiga, swala na ndovu, ambao Bara huitwa tembo, na hao huwaleta simba. Yapo pia madimbwi ya viboko, ambapo wageni huruhusiwa kusimama.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na gari za wageni hutakiwa ziwe zimetoka saa 12 jioni. Ada ya Mtanzania ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni wa nje, lakini uraia huthibitishwa kwa kitambulisho, na malipo hayapokewi kwa fedha taslimu. Asiye na gari ataikodi mjini Mikumi, na hapa ndipo fedha nyingi zinapokwenda. Kwa hivyo watu watano au sita wachangie gari moja, na bei ipatanwe jioni ya siku ya tatu, kabla ya kulala, pamoja na saa ya kuondoka. Wanyama huonekana vizuri alfajiri. Anayeingia hifadhini saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai kwa raha, hukuta simba wamelala kwenye majani marefu na humlaumu kiongozi bure.

Yupo mdudu mmoja ambaye vijana wa Unguja hawamjui kwa macho, naye ni mbung'o. Kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kwa kuachia madume waliofanywa tasa, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba wamekwisha. Waliowahi kwenda Jozani kabla ya hapo wanakumbuka kuumwa kwake. Mikumi wapo. Mdudu huyu huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, na ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Siku ya kuingia hifadhini nguo za rangi ya majani makavu ndizo zinazofaa, na buibui jeusi, kwa mwenye nafasi ya kuchagua, libadilishwe kwa la rangi nyengine siku hiyo.

Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa na Mbeya inaikata hifadhi kwa kilomita 50. Abiria wa basi huona wanyama bila ya kulipa, na wengi huridhika na hayo. Lakini kipande hicho kina sheria zake. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa, gari haisimamishwi kwa ajili ya kutazama au kupiga picha, taka hazitupwi, na nyani waliozoea kukaa kando ya njia hawapewi chakula, hata watoto wakililia jambo hilo. Anayemgonga mnyama hulipishwa faini, ambayo kwa wanyama wakubwa si ndogo. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, na wapo watakaoona ni njia ya kuokoa siku. Katika kipande cha Mikumi si wokovu. Nyati mweusi aliyesimama kwenye lami saa nane usiku haonekani mpaka gari imeshamfikia, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yako njiani usiku kucha. Yafaa hifadhi ivukwe mchana, na mwenye kukodi gari ndogo amwambie dereva hivyo kabla ya kulipa.

Siku ya nne, baada ya kutoka hifadhini, zipo kilomita zipatazo 120 kutoka mji wa Mikumi hadi Morogoro. Mji huo, chini ya milima ya Uluguru, unastahili safari yake peke yake, na msafiri atakuwa na saa chache tu. Achague kitu kimoja. Anayependa historia ya ukombozi aende Mazimbu, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa na skuli yake, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, hadi mwaka 1992. Majengo hayo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo huko Dakawa, karibu na Morogoro. Mwenye mzigo wa watoto waliochoka aende sokoni akanunue ndizi na matunda ya Uluguru ya kula kwenye treni. Ale huko huko. Miche na mbegu zisiletwe Visiwani bila ya kibali cha idara ya kilimo, kwani maradhi ya mimea huvuka bahari kwa urahisi kuliko dawa yake.

Na yapo maradhi ya watu. Kwa juhudi za miaka mingi kiwango cha malaria Unguja na Pemba kimeteremshwa hadi chini ya asilimia 1, wakati Mkoa wa Morogoro bado una malaria ya kutosha. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar umeonesha mara kwa mara kwamba miongoni mwa wanaougua wamo wengi waliotoka karibuni safarini Bara. Kijana aliyezaliwa Unguja katika miaka hii hana kinga ya mwili waliyokuwa nayo wazee wake. Mbu wa Kilosa akimuuma, huugua vibaya. Kwa hivyo chandarua kichukuliwe kutoka nyumbani, hata kama nyumba ya wageni imeahidi kuwa nacho, na mikono na miguu ifunikwe kuanzia magharibi. Wajawazito na wenye watoto wachanga wapate ushauri wa daktari kabla ya kukata tiketi.

Msafiri aliyerudi akipata homa ndani ya wiki chache, asijitibu kwa vidonge vya dukani. Aende kituo cha afya kilicho karibu, apimwe, na kabla ya kuulizwa amwambie mhudumu kwamba alikuwa Kilosa na Mikumi na alilala huko usiku ngapi, ili watu wa nyumbani kwake na majirani nao wafuatwe na kupimwa.